Baada ya eda mkono umekataa kuchora: je, kutembea kutanisaidia?

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni mjane wa miaka 56, mkaazi wa Kibokoni hapa Mombasa. Kazi yangu tangu usichana ni kupaka hina na kuchora piko kwa maharusi. Mume wangu alifariki mwaka jana, na eda imemalizika miezi minne sasa. Kazini nimerudi, lakini mkono umekataa: nachora maua yale yale, na nikiambiwa nibuni jipya, kichwani hamna kitu. Usiku mawazo yanazunguka pale pale, ningefanya hivi, ningempeleka hospitali mapema. Binti yangu ameniwekea simuni programu ya kuhesabu hatua, ananiambia nitembee hatua 10,000 kila siku, eti kutembea kutanifungua akili na kuniondolea huzuni. Nami nina sukari, nameza vidonge. Je, haya ni kweli au ni maneno ya mitandaoni? Na mjane akionekana anatembea bila ya safari, watu hawatasema?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu.

Binti yako amesema kweli kwa sehemu kubwa, ingawa hesabu ya hatua ameikosea, na amechanganya mambo mawili ambayo ni afadhali yatenganishwe: kufunguka kwa akili na kupoa kwa huzuni. Yote mawili miguu inaweza kuyasaidia, lakini haiyasaidii kwa namna moja, na mahali panapofaa jambo la kwanza huenda pasifae la pili.

Tuanze na mkono uliokataa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha matokeo ya majaribio manne waliyoyafanya ili kujua kama kutembea kunaongeza ubunifu. Walimtajia mtu kitu cha kawaida, kama kifungo cha nguo, wakamwomba aeleze matumizi mengi ya kitu hicho kadiri awezavyo, yasiwe yale ya kila siku: kifungo kikawa jicho la mwanasesere, au kitasa cha mlango wa nyumba ya kuchezea watoto. Watu wale wale walipotembea walitoa mawazo mapya zaidi, kwa wastani wa takriban asilimia 60, kuliko walipoketi. Lililowashangaza wengi ni kwamba faida hiyo ilipatikana hata kwa mtu aliyekuwa akitembea juu ya mashine ndani ya chumba, macho yakitazama ukuta mtupu, na haikukatika mara alipoketi, bali ilibaki naye kwa muda. Katika jaribio jingine, baadhi ya watu walisukumwa nje kwa kiti cha magurudumu, wakaona mandhari ile ile waliyoiona waliotembea. Waliotembea ndio waliowashinda kwa mawazo mapya yenye maana. Mandhari huchangia, lakini mzigo mkubwa umebebwa na miguu yenyewe.

Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito ni haya: kutembea ni kazi ambayo mwili unaijua bila ya kusimamiwa, kwa hivyo akili inashughulishwa kidogo tu, kiasi cha kuacha kulikaba jambo moja, na mawazo yaliyokuwa mbali hupata nafasi ya kukaribiana. Mtu aliyeketi mbele ya mkono wa bibi harusi, koni ya hina ikiwa tayari na mashangazi wamemzunguka, yuko katika hali iliyo kinyume kabisa na hiyo. Hapo akili inakabwa, na inapokabwa hukimbilia kile inachokijua. Ndiyo maana unarudia maua yale yale, wala si dalili kwamba kipaji kimekufa pamoja na marehemu.

Lakini utafiti huo ulionyesha pia upande wa pili, ambao wanaosambaza habari hizi huuacha kwa sababu haupendezi. Watu walipopewa maneno matatu na kutakiwa kutafuta neno moja tu linaloyaunganisha yote, yaani swali lenye jibu moja sahihi, waliokuwa wakitembea walifanya vibaya kidogo kuliko walioketi. Miguu inazaa mawazo mengi, lakini si mahali pa kuyachagua na kuyapanga. Kazi yako ina sehemu zote mbili. Kubuni ua jipya ni sehemu ya kwanza. Kulifanya ua hilo likae vizuri juu ya kiganja hiki na si kingine, likutane na mstari wa kifundo, na mkono wa kushoto ulingane na wa kulia, ni sehemu ya pili, nayo inataka uketi. Kwa hivyo usitegemee kurudi nyumbani na mchoro uliokamilika. Tegemea kurudi na vipande vitatu vinne visivyo na mpangilio, na uvichore papo hapo kwenye daftari kabla hujabandika chungu cha mchana, kwa sababu ile hali ya baada ya kutembea haidumu sana. Uchaguzi na upangaji ufanye baadaye, umeketi, mlango umefungwa.

Unapotembea kwa ajili ya kubuni, nenda peke yako, na vipokea sauti vya masikioni viache nyumbani, hata kama unachotaka kusikiliza ni mawaidha. Mawaidha yana wakati wake. Ukisikiliza, akili inafuata maneno ya mtu mwingine, na nafasi uliyoitafuta imeshajaa.

Nawe una bahati ya kukaa Mji wa Kale, ambako mafundi waliokutangulia walikumbana na matatizo yale yale unayokumbana nayo wewe, ila wao walichora kwa patasi. Ukiingia Ndia Kuu, chagua mlango mmoja wa nakshi, mmoja tu kwa siku, usimame mbele yake kwa dakika moja au mbili. Tazama kwanza mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana: mara nyingi nakshi yake huanzia chini na kupanda juu kama mmea, jani likizaa jani, bila ya fundi kurudia umbo lile lile kwa uvivu. Kisha tazama ukingo wa nje, ambako kwenye milango mingi pamechongwa mnyororo. Halafu tazama pembe ya juu, pale mstari wa wima unapokutana na wa mlalo. Hapo ndipo fundi hujulikana. Mmoja amekatisha ua katikati kama aliyeishiwa na mbao, mwingine ameligeuza taratibu likazunguka pembe, wa tatu ameweka duara lenye petali ili macho yapumzike kabla ya kuendelea. Wewe nawe kila siku unakutana na pembe hiyo, pale maua ya kiganja yanapotaka kuingia kwenye kidole gumba. Sikuambii uige mlango. Maharusi hawatapenda kuvaa mlango mkononi. Nakuambia umwangalie mtu mwingine alivyolitatua tatizo lako, kisha uendelee kutembea na usilifikirie tena.

Pengine utasema njia hizo umezipita tangu utotoni. Umezipita ukienda mahali, aghalabu kwa haraka, na kikapu mkononi. Katika kazi yangu ya kuwashauri wafiwa hapa mjini nimeona mara nyingi kwamba mtu wa Mombasa anaujua mji wake kwa shughuli zake tu: anaijua njia ya Marikiti, ya msikitini na ya kwa dadake, na katikati ya hizo kuna nyumba ambazo hajawahi kuinua macho akazitazama ghorofa ya juu.

Kuhusu hatua 10,000, usijisumbue. Hesabu hiyo haikutoka kwa madaktari; ilienea kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lenyewe lilitaja hatua 10,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea takriban 2,700, na kwamba faida hiyo haikuendelea kuongezeka baada ya hatua 7,500 hivi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, ambazo ni kama nusu saa kwa siku tano. Anza na dakika 20. Programu hiyo iache simuni kwa ajili ya kumridhisha binti, lakini usiifungue njiani, kwa maana mwenye kuhesabu hatua hayuko na mawazo yake wala na marehemu wake, yuko na hesabu.

Sasa huzuni, na hayo mawazo ya usiku. Kujiuliza mara kwa mara kwa nini hukumpeleka hospitali mapema ni jambo linalowapata wafiwa wengi mno, na ubaya wake si kwamba linauma tu, bali kwamba linajifanya kuwa ni kufikiri ilhali halifiki popote. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake, pia wa Stanford, waliwachukua watu 38 wenye afya nzuri, wakawagawa makundi mawili: wa kwanza walitembea dakika 90 mahali penye majani na miti, wa pili walitembea muda huo huo kando ya barabara kubwa yenye magari. Waliotembea penye miti walieleza kwamba mawazo ya kujirudia yamepungua, na vipimo vikaonyesha kuwa sehemu ndogo ya ubongo iliyo upande wa mbele, ambayo huhusishwa na mtu kujilaumu na kujifungia, imepunguza shughuli zake. Waliotembea barabarani hawakupata nafuu hiyo. Ni utafiti mdogo, na walioshiriki hawakuwa wafiwa, kwa hivyo nautumia kwa tahadhari. Lakini unaafikiana na ninayoyaona, na ndiyo sababu nilikuambia mwanzoni kwamba mahali pa kubuni si lazima pawe mahali pa kupoza moyo. Kwa ajili ya maua ya piko, hata kichochoro chenye kelele za mikokoteni na pikipiki kinafaa. Kwa ajili ya huzuni, iepuke Digo Road, nenda penye upepo na miti.

Kwa mtu wa Kibokoni, mahali hapo ni Mama Ngina. Pita Fort Jesus, shika njia ya Kizingo, hadi ufike kwenye mibuyu na bahari iliyo wazi, ambako meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia. Tangu pafanyiwe ukarabati mwaka 2019 pana njia pana za miguu na viti, jambo ambalo kwa mtu anayeanza ni muhimu kuliko anavyodhani. Nenda baada ya swala ya Alfajiri, mwanga ukishatoka, au baada ya Alasiri jua likilegea. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, joto la saa nne asubuhi tayari ni adhabu, na wakati wa masika vichochoro vya Mji wa Kale vinateleza. Siku hizo zungukia ndani ya nyumba au pumzika bila ya kujiona mvivu. Ukipata nafasi mara moja moja, nenda Haller Park kule Bamburi. Kuna kiingilio, lakini utatembea chini ya miti mahali palipokuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa la matumbawe lisilo na udongo, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ndiyo iliyostahimili, na majani yake yaliyodondoka hayakuoza mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo.

Unahofu pengine kwamba ukitembea peke yako utamkumbuka na kulia njiani. Utamkumbuka, na huenda ukalia. Watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa anayepona hakai upande mmoja: kuna saa anaukabili msiba wake, na kuna saa anauweka kando ili ashughulikie maisha yaliyobaki, naye huenda na kurudi baina ya hayo mawili. Anayekwama ni yule ambaye harudi, ama anaishi ndani ya msiba mchana na usiku, ama anaukimbia moja kwa moja. Matembezi yanaweza kuufuata mwendo huo. Njia ya kwenda iwe ya marehemu: mkumbuke, mwombee dua, hata ile ningempeleka mapema iseme kwa sauti ndogo ikiwa inataka kusemwa. Ukifika mwisho, kaa, tazama bahari, kisha njia ya kurudi iwe ya leo: nani anataka hina Ijumaa, samaki gani ameingia sokoni, mlango gani hujautazama. Mawazo ya kwanza yakikufuata njiani wakati wa kurudi, usipigane nayo, ila usiyafungulie mazungumzo.

Wala usingoje moyo utulie ndipo utembee. Kila anayehiji au kufanya umra hutembea baina ya Safa na Marwa mara saba kwa kumfuata Bi Hajar, ambaye alitembea akiwa na mtoto mwenye kiu na hajui maji yatatoka wapi. Dhiki ilikuwa naye njia nzima.

Na watu watasema? Watasema. Mombasa watu husema hata ukikaa ndani. Hukumu za eda nawaachia masheikh, lakini wewe mwenyewe umeeleza kwamba eda yako imemalizika, na sioni mwanamke wa miaka 56 aliyevaa buibui lake akitembea Mama Ngina asubuhi, pamoja na akina mama wengi wanaofanya hivyo hivyo kwa maagizo ya daktari, atakuwa habari kwa zaidi ya wiki moja. Ikikuwia vigumu, yape matembezi shughuli ndogo: rudi na mahamri ya chai.

Zaidi ya hayo, watu unaowahofia ndio sehemu ya dawa. Matanga yakishaisha na eda ikishatoka, wageni hutawanyika, na mjane hubaki na nyumba. Akipata mgeni, lazima ampokee, amwandalie kahawa, na aghalabu asimulie ugonjwa na kifo upya tangu mwanzo. Njiani salamu ni fupi kadiri utakavyo. Wazee wa barazani watakuuliza hali, utajibu alhamdulillahi, utapita. Muuza madafu atakuzoea. Salamu hizo nyepesi, zisizodai kitu, humrudisha mtu katika mji wake taratibu, na mimi nazithamini kuliko ziara ndefu za kufariji ambazo humwacha mfiwa amechoka.

Binti yako naye mchukue, lakini si kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha. Watu wawili wanaotembea ubavu kwa ubavu hawalazimiki kutazamana, na maneno mazito hutoka kwa urahisi zaidi pale macho yanapoangalia mbele; yeye pia amefiwa na babake, na huenda hajakuambia yote kwa kuhofia kukuongezea. Watafiti Scott Wiltermuth na Chip Heath walionyesha mwaka 2009 kwamba watu waliotembea kwa hatua zinazolingana walishirikiana vizuri zaidi katika mchezo waliopewa baadaye kuliko waliotembea kila mmoja kwa mwendo wake. Basi mwambie apunguze kasi afuate mwendo wako, na mpatane kwamba siku hiyo hakuna anayempa mwenzake nasaha.

Kwa upande wa sukari, kutembea kunakufaa, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari iliyo kwenye damu, na hata dakika chache baada ya kula hupunguza kule kupanda kwake. Ila muulize daktari au mfamasia kama vidonge vyako ni vya aina inayoweza kuishusha mno, kama glibenclamide. Ukiwa unameza metformin peke yake hatari hiyo ni ndogo. Kwa vyovyote usitoke na njaa, chukua tende au peremende mfukoni, na ukihisi jasho la baridi, mtetemeko au njaa ya ghafla, keti na ule. Ndara ziache mlangoni: vaa viatu vya raba vilivyofunika vidole, na soksi, na kila usiku tazama nyayo zako, kwani mguu wenye sukari unaweza kupata kidonda bila ya kuhisi maumivu.

Maharusi wanaotaka maua uliyoyazoea endelea kuwapokea. Walikuja kwako kwa sababu ya maua hayo, na mkono unaofanya kazi, hata ya kurudia, ni rahisi kuamka kuliko mkono uliowekwa chini. Wale wanaotaka jipya waambie wazi kwamba wangoje hadi mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

Mwisho, nisikufiche mpaka wa dawa hii. Kwa hesabu yako ni kama miezi minane tangu marehemu aage dunia, na Shirika la Afya Duniani huitambua huzuni kali inayozidi miezi sita, ikiwa imemzuia mtu kuendesha maisha yake, kuwa ni hali inayohitaji matibabu. Umerudi kazini, unataka kubuni, na umeandika barua yenye mpangilio. Hizo ni dalili njema. Lakini ikiwa baada ya wiki kadhaa za kutembea usiku haujabadilika, usingizi haupo na chakula hakishuki, mwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, na matembezi yaendelee pamoja na matibabu, yasiwe badala yake. Na ukianza kufikiri kwamba ni heri umfuate marehemu, hilo haliondolewi kwa kutembea. Mwambie binti yako, mwende hospitali siku hiyo hiyo, wala msingoje miadi.